Betri Juani

Mjukuu wangu Anitha, ambaye kichwa chake kinawashinda walimu wake wa shule ya Rubwera, anapiga upya nyimbo za michezo ya zamani ya kompyuta kwa kinanda cha umeme. Juzi alipiga moja yenye ule mlio mwembamba, tititi, mikono yangu ikaacha kumenya ndizi.

Tata, baba yangu, alikuwa na kimchezo cha mkononi cha betri alichonunua mjini Murongo akiwa bado mzima. Alipougua akabaki mifupa, ni wimbo wa kimchezo hicho, wa tititi, tu uliomchekesha. Mchana mmoja betri zikaisha. Mama akazianika uani, kando ya kahawa iliyonukia utamu uliochacha, kisha akamlaza tata juani kwenye mkeka palepale. Baadaye nikazirudisha betri kwenye kimchezo, wimbo ukalia.

“Tata, zimepona!”

“Bado mimi,” akasema.

Basi nikajua naye ameanikwa apate nguvu. Kila kivuli cha mgomba kilipomfikia, niliuvuta mkeka. Jua lilipolegea, mama akaja kumwingiza ndani. Nikamng'ang'ania kanga.

“Mwache, mama! Hajapata moto!”

“Toka hapa, mjinga wewe! Huoni tata yako anatetemeka?”

Tata alikufa wiki ileile. Leo najua jua lisingemponya hata angelala pale mwaka mzima. Wakati ule nilimnunia mama, nikakataa hata uji wake, kwa kuwa alimtoa tata juani mapema. Yeye alidhani ni uchungu wa msiba. Akawa ananibeba mgongoni mpaka shambani, mtoto mkubwa vile, huku analia.