Kishikio cha Dele la Baba

Kazi yangu ni kutazama uchafu. Wenzangu wa maabara hukasirika nikisema hivyo, lakini watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo, Tabora, nikiwaeleza kwa maneno mengine wanadhani mimi ni daktari, wananionyesha magoti. Nachukua kibati chembamba cha dhahabu, nakichovya kwenye kemikali inayonuka yai viza, nakiacha mpaka kesho yake. Molekuli zile, bila kusimamiwa na mtu, zinajipanga zenyewe: kichwa kimeng'ang'ania dhahabu, mkia juu, zote zimeinama upande mmoja, safu kwa safu kama swala ya Ijumaa. Hadubini yetu haina kioo cha kuchungulia. Ina ncha ya waya inayopita karibu mno bila kugusa, na kompyuta inachora kile ncha ilichohisi.

Baba alinielewa kwa njia yake. Alikuwa muuza kahawa, na dele lake la shaba lilikuwa na sheria. Tumbo lilisuguliwa kila Alhamisi kwa majivu na limau mpaka ujione meno. Kishikio hakikuguswa. Kilikuwa cheusi, laini, kimeiva kwa jasho na mafuta ya kiganja chake. Sisi wengine tulikishika kwa kitambaa; yeye alikishika mkono mtupu, moto usimwambie kitu.

"Mkikisugua kitanisahau," alikuwa akisema, na mama akimcheka. Kila magharibi alimrudishia mama kahawa ya mwisho, makaa bado yanawaka chini ya dele.

Likizo moja nilimweleza kwamba ule weusi ni tabaka, kwamba kiganja chake kimejipanga pale molekuli kwa molekuli. Alikitazama kiganja, akakigeuza. "Kumbe na mimi nina maabara," akasema, na kwa wiki nzima kila mteja aliambiwa habari hiyo, atake asitake.

Alifariki nikiwa mbali. Alizikwa siku ile ile, kama ilivyo kwetu, mimi nikiwa bado natafuta ndege. Nilishukia Mwanza, nikapanda basi, na kuanzia Nzega nilisali kimoyomoyo nikute angalau matanga. Nilikuta yameshaanuliwa. Nikapelekwa kaburini. Nasema wazi, kaburi halikunipa kitu. Udongo ni udongo. Sikuwa nimemshika mkono, na nilijua mahali pekee duniani ambapo mkono ule bado ulikuwepo.

Mama alikuwa ndani, amekaa eda. Nyumba iliendeshwa na shangazi, dada yake baba, aliyekuja kwa ajili ya msiba. Nikamwambia, "Shangazi, naomba dele la baba. Nitaondoka nalo."

"Lako hilo, mwanangu. Nani mwingine?"

Nikaenda sokoni kutafuta kikapu cha kulibebea. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Tabora analijua: kwetu chombo hakikabidhiwi mtu kichafu. Hata sahani ya jirani hairudi bila kusuguliwa.

Niliporudi, shangazi alikuwa ukumbini, mikono imejaa majivu mpaka viwikoni, jasho linamtiririka. Alilinyanyua dele kwa mikono miwili. Liling'aa lote, tumbo, mdomo, kishikio.

"Huko kwa wenyewe usiseme tumekupa takataka," alisema. "Hiki kishikio kilinitoa roho, lakini kimekubali."

Limau linakula weusi, majivu yanakula mafuta. Hilo najua vizuri kuliko yeyote mjini, na halikunisaidia. Nilisema, "Ahsante, shangazi," nikaingia chumbani kwa mama na dele mikononi, nikalia kama mtoto aliyepotea.

Mama hakuuliza. Alikitazama kishikio, akaelewa.

"Umemwambia?"

"Bado. Nitamwambia, mama. Amemsugua baba, amemmwaga na maji machafu uani!"

"Shusha sauti. Usimwambie kamwe. Yule kafiwa na kaka yake."

Kule nje shangazi alikuwa ananawa mikono, akiimba kaswida kwa sauti ya chini.

Mama alinyoosha mkono, nikampa dele. Alikishika kishikio bila kitambaa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakizungushia vidole polepole, mahali pale pale baba alipokuwa akishika.

"Limepoa," akasema. "Halijawahi kurudi nyumbani limepoa."