Ofisi Isiyopokea Oda Siku za Mbalamwezi

Mwiko ulinitoka mkononi ukagonga ukuta wa jiko, ugali ukabaki nusu umeiva. Mwanangu akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Mama umetupa." Ndiyo, nimetupa. Simu ilikuwa juu ya ndoo, bado inaongea kwa sauti ya mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, mteja wangu wa kwanza kabisa.

"Mwakeye, mwanangu. Mimi shule sikwenda, unajua. Lakini mkwe wangu kasoma. Kafungua huo ukurasa wako, kafungua na wa dada mmoja wa huko mjini kwao. Anasema maneno ni yale yale, wewe umemwibia. Sasa mtu anayeiba maneno, dagaa wangu atawaacha? Giza la mwezi likianza, oda zangu atazishika huyo dada. Usinichukie."

Mimi ndiye niliyeibiwa, na sasa mimi ndiye mwizi.

Nilikuwa nimejua kwa wiki tatu. Nilikuwa nimeuona ukurasa wa huyo dada, nikamwandikia ujumbe wa heshima, nikasubiri, nikamwandikia mwingine. Jumbe zote mbili zilianza na samahani. Samahani! Naombaje samahani kwa mtu aliyebeba vitu vyangu? Lakini ndivyo tulivyolelewa, na wiki tatu nzima malezi hayo yalinifunga mdomo.

Kazi yangu ni msaidizi wa mtandaoni. Pale Buzebazeba, mtaani kwetu Kigoma, majirani wanaamini nashinda nachati. Kumbe najibu wateja wa watu, napanga oda, naandika matangazo, nakumbusha mtu kwamba mzigo wake unaondoka Alhamisi. Sina chuo, nina kidato cha nne na kompyuta ya mkono wa pili. Ule ukurasa niliuandika nikinyonyesha, kompyuta juu ya godoro, nikichapa kwa kidole kimoja. Niliandika: "Mimi ni mama. Mkono mmoja una mtoto, mwingine una kazi yako, na hakuna kitakachoanguka." Sentensi hiyo ilinichukua siku mbili. Kwenye ukurasa wa yule dada ipo vilevile, hata nukta haikuhama, na pembeni kuna picha yake amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, mikono yote miwili iko mezani, mitupu.

Siku ile nilifuta ugali ukutani, nikamweka mtoto mgongoni, nikapiga namba iliyokuwa kwenye ukurasa wake.

"Ofisi, karibu," akasema. Sauti nzuri.

"Mimi ndiye mwenye maneno uliyoyaweka kwenye tovuti yako."

"Aa, wewe ndiye yule dada wa Kigoma? Dada yangu, punguza presha. Hayo maneno yalikuwa kwenye grupu la WhatsApp, hayana jina la mtu. Mtandaoni kitu kikishatembea ni cha wote."

Hapo alinigusa penye kidonda, maana kosa lilikuwa langu. Wateja wangu wa kule ziwani hawafungui linki. "Nitumie maandishi, linki inakula bando," ndivyo wanavyosema, na mtandao wenyewe ukivuka Gombe unakuja ukipenda. Kwa hiyo nilinakili ukurasa wangu wote, nikautuma kama ujumbe, bila jina chini, bila chochote. Wakautuma kwa wenzao, na wenzao kwa magrupu ya dagaa. Nilijisifu. Nikasema, tazama, maneno yangu yanavuka ziwa bila mimi kulipa tangazo.

"Wateja wako ni akina nani?" nikamuuliza.

"Mawakili. Zahanati. Watu wa mikutano. Kwa nini?"

"Basi niambie kitu kimoja. Ukurasa wako unasema ofisi haipokei oda mpya siku za mbalamwezi. Kwa nini?"

Nikasikia feni yake.

"Ni... mambo ya imani," akasema. "Kuna wateja wetu wana imani zao. Tunawaheshimu."

"Imani?"

"Ndiyo. Wewe huna dini?"

Nikacheka mpaka mtoto mgongoni akaanza kucheka naye. Yule dada akakata simu, halafu akaniblock. Siku chache tu zilikuwa zimebaki giza liingie, na mimi sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu zaidi ya hasira.

Yule mama wa Mwamgongo alishuka kwenye bandari ya Kibirizi kesho yake, kufuata chumvi na magunia. Nilimkuta ameketi juu ya mzigo wake, kanga kiunoni, anagombana na mpagazi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba akiangalia pembeni.

"Mama," nikasema, "nani alinifundisha habari ya mbalamwezi?"

"Maswali gani hayo?"

"Nani?"

Akanigeukia. "Si mimi? Si nilikutukana? Mwezi umejaa, wavuvi wamelala, nyavu zinashonwa, wewe unamwahidi mtu wa Lubumbashi magunia kumi! Taa zitavuta dagaa gani kwenye mwanga ule? Nikakuambia, binti umezaliwa Bangwe, ziwa liko mlangoni kwenu, mbinguni huangalii?"

"Uliniambia na mengine."

"Nilikuambia wewe ni mbuzi." Mpagazi akacheka. "Ulikuwa mbuzi kweli."

"Nami nikaenda nikaiandika ile sentensi kwenye ukurasa wangu, nisije nikarudia. Sasa huyo dada wa mjini anayo. Nimemuuliza maana yake. Kasema ni imani za wateja wake."

Akakunja uso, akafikiri. "Imani ya nani? Huyo nani alimtukana?"

"Hakuna."

"Basi kaipata wapi?"

Alitoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka kona, akanipa. "Tafuta mwenyewe. Mimi sifuti kitu." Hakika hafuti. Nilipita kwenye picha za misiba, salamu za Idi, bei za mafuta ya taa, sauti zangu mwenyewe za miaka mitatu. Huko nyuma nikaukuta ujumbe wangu wote mzima, na ya mbalamwezi imo, umetoka namba yangu, na tarehe yake imekaa pale. Nilipiga picha ya kioo mara nne kwa kuogopa. Tovuti ya yule dada yenyewe imeandika chini kwamba ilianza mwaka jana.

Nilidhani kesi imeisha. Yule mama akatikisa kichwa.

"Mimi nakuamini. Mkwe wangu hataamini maneno ya ufukweni. Yule ni mtu wa karatasi. Nenda kashitaki, uniletee karatasi inayoonyesha umeshitaki. Mwizi haendi kujishitaki mwenyewe. Oda nazishika mpaka giza liingie, mwanangu. Likiingia nimekukosa, nampa yeye." Kabla hajapanda boti aliweka dole gumba lake chini ya tamko nililomwandikia.

Niliandika malalamiko yangu asubuhi iliyofuata kwenye duka la kuchapa, kwenye fomu ya kampuni inayohifadhi tovuti ya yule dada. Mwenye duka, dada mmoja asiye na haraka, alisoma kutoka kwenye kioo changu bila kuombwa.

"Hapa umeandika 'mbwa huyu'."

"Ndiyo."

"Fomu ina nafasi ya jina, anwani ya ukurasa na maelezo. Ya mbwa siioni. Na hapa 'Mungu atamlipa'. Sasa akilipwa na Mungu, hawa unawaandikia wa nini?"

Nilifuta. Kila tusi lilinitoka kama jino. Kilichobaki nilikituma kwa hiyo kampuni, nikachapa nakala mbili pamoja na jibu lao la kupokea, moja yangu, moja ya kuvushwa na boti kwa yule mama kabla giza halijaingia. Hiki hapa:

"Ninalalamika kuhusu maandishi yangu kuchukuliwa bila ruhusa. Anwani ya ukurasa wangu na ya ukurasa ulionakili zimewekwa hapo juu. Aya kumi na moja kati ya kumi na mbili ni zangu, neno kwa neno. Niliziandika mwenyewe, nyumbani kwangu, Kigoma.

Kiambatisho cha kwanza ni ujumbe wenye maandishi hayo, uliotoka kwenye namba yangu, ukiwa na tarehe. Kiambatisho cha pili ni tamko la mteja wangu, lenye dole gumba lake, kwamba aliupokea siku hiyo. Kiambatisho cha tatu kinaonyesha tovuti hiyo ilianza baadaye.

Ni kweli niliwatumia watu maandishi haya bila jina langu. Niliwatumia wayasome. Sikumpa mtu yeyote ruhusa ya kuyafanya yake.

Sentensi ya mbalamwezi inahusu uvuvi wa dagaa. Mhusika hana mteja wa dagaa. Mwulizeni maana yake, mnitumie jibu lake.

Kwa sababu yake mimi nimeitwa mwizi na mteja wangu. Nataka maandishi hayo yaondolewe yote, yasibadilishwe maneno mawili matatu yakaachwa. Nataka pia barua yenu ikisema yameondolewa na kwa nini.

Natamka kwamba niliyoyaandika hapa ni kweli, na nikiwa nimesema uongo niwajibike mimi."