Ukuta Ambao Potasi Haiuwezi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, Tororo, Mkuu wa Maabara hakunipa hata kiti. Alinipa kioo chenye magamba ya ngozi ya mgonjwa, akadondosha tone la potasi kali juu yake. "Wewe usiharaka," alisema. "Ngozi nayeyuka, ukuta ya kuvu nabaki. Ngoja dakika ishirini."

Nyinyi vijana mna mashine. Sisi tulikuwa na saa na darubini. Kuvu wa mapunye hujijengea ukuta wa nyuzi ngumu za glukani na kitini, kitini ile ile iliyomo kwenye gamba la mende, na potasi haiuwezi. Usipongoja, seli za ngozi zinamficha.

Nilingoja vizuri mpaka alipokuja Nekesa, binti aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Haukupita mwaka, Mkuu akawa anamwita yeye kwanza. Iliposikika kuna nafasi moja ya kufundisha Chuo Kikuu cha Busitema, roho iliniuma mpaka chai ikanishinda. Nafasi ile nilishaiona yangu.

Ndipo akaja mama muuza samaki wa Majanji na mtoto wake, kichwa kimejaa vidonda. Nekesa akaandaa kioo. Nikakichungulia mapema, nikaandika daftarini: hakuna kuvu.

"Mzee, hata dakika tano hazijaisha," alisema.

"Darubini ulifundishwa na nani?"

Nikakiosha kile kioo mbele yake. Sikuwa na haraka yoyote. Sikutaka tu aone yeye.

Mtoto alidungwa sindano za kuua bakteria wiki tatu, akarudi nywele zimekwisha. Nekesa akarudia kipimo, akangoja, na kuvu akaonekana. Mkuu akafungua daftari.

"Hii mkono yako?"

"Yangu, bosi."

Akalifunga daftari. Busitema akaenda Nekesa.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo Kirewa. Mjukuu wangu anasoma Busitema. Juzi aliniuliza, "Babu, unamjua Madam Nekesa? Akitufundisha kipimo cha potasi husema alifundishwa kungoja na mzee mmoja wa Tororo."

"Hasemi kingine?"

"Husema hajapata mwalimu kama yule."

Niliinamia jembe. Miaka yote hii nimejiandalia majibu ya siku atakayonitaja kwa ubaya. Hata kwa wema kanishinda, na haki ya Mungu, bado namwonea wivu.