Mfalme wa Kulazia Ukili

Mama anaye mfalme. Ni kichwa kidogo cha shaba, hakizidi kiganja, na shingoni kimetiwa kipini cha mti ili kishikike. Kichwani amevaa taji, au kilemba, inategemea unamuuliza nani. Kazi yake ni kulaza ukili.

Usiyejua ukili usione haya, hata mimi nilifundishwa. Miyaa, yaani majani makavu ya mkindu, husukwa ikawa utepe mrefu, na utepe huo ndio ukili. Baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka. Lakini ukili mpya una vinundu. Usipoulaza kwa kitu kizito na laini, mkeka utakukwaruza paji la uso kila ukisujudu. Kule kwetu kisiwani Chula wengi walitumia kipande cha mti. Nyumbani kwa mama walitumia mfalme.

Tena walimtumia kifudifudi. Bibi yangu hakutaka sura ya mchu, yaani mtu kwa Kibajuni chetu, iwatazame watu wakisali. Basi uso ulikaa chini siku zote, na uso ndio uliosugua. Pua imekwisha. Macho yamebaki vishimo viwili vya kukisia. Ndiyo maana wako wasemao huyu ni Sultani wa Unguja na wako wasemao ni mfalme wa Waitaliano, na hakuna awezaye kumshinda mwenzake.

Mama hajali ni mfalme gani. Anajali ni nani aliyemtengeneza. Tulipokimbia kisiwani wakati wa vita tukaja Kismayo, alimfunga ndani ya leso akaacha kila kitu kingine. Baba yake alikuwa fundi wa mashua, na mashua zake zote zimekwisha kuoza au kuzama. Hana kitu kingine kilichopita mikononi mwa baba yake. "Huyu alimfanya baba," husema, na sisi tumekua tukiamini.

Binamu yake, mkubwa kwake kwa miaka michache, hukaa nyumba ya tatu na huja kila alasiri kusuka naye. Huyo ndiye mchokozi. "Baba yako alijua kupiga misumari," humwambia. "Tangu lini akajua kupiga wafalme?" Mama hucheka. Lakini mwaka jana niliona anacheka kwa mdomo tu, na jioni ile akaniambia, "Mwanangu, nipeleke kwa mchu anayejua. Nataka kusikia nikingali na masikio."

Nikampeleka kwa sonara mmoja wa sokoni, Msomali mpole, mwenye Kiswahili cha bandarini. Alimpima mfalme kwa mkono, akamgonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Eedo," akamwambia mama, kama Wasomali wanavyomwita shangazi, "baba yako alikuwa akimimina shaba?"

"Alikuwa akiunda mashua."

"Hii imemiminwa. Mtu huanza kwa kufinyanga sura kwa nta. Nta hufunikwa udongo. Udongo ukichomwa, nta huyeyuka ikatoka, na shaba ikaingia mahali pake. Inataka tanuri."

"Baba alikuwa na moto."

"Moto wa misumari, eedo."

Mama akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Sonara alimpindua mfalme. "Mafundi wengine huandika jina lao hapa, chini ya shingo. Kama liko, kipini kimelifunika. Nikikichomoa huenda tukajua."

Mama akatikisa kichwa kukubali.

Akaanza kuchokoa pembeni mwa kipini kwa sindano nene. Kikatoka kiuzi cheusi, kigumu kama mshipi uliokauka. Akakinusa, akakunja uso. "Hiki nini?"

Nilikijua kwa harufu. "Kalafati," nikasema.

Nikamweleza kwamba baina ya mbao za mashua hutiwa pamba iliyosokotwa, ikashindiliwa kwa chuma, ikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ili maji yasipite. Na nilipokuwa nikieleza nikajiuliza mwenyewe: nani angetia kalafati kwenye kipini cha kulazia ukili? Hakiendi majini. Ni mtu asiyejua namna nyingine ya kumaliza kiungo.

Mama alinyoosha mkono, akapewa kile kiuzi. Macho yake siku hizi ni mazito, kwa hiyo hakukitazama sana. Alikiviringisha vidoleni.

"Kimesokotwa kushoto," akasema.

Mama ni mashoto. Utotoni, kazi yake na ya watoto wenziwe ilikuwa kumsokotea fundi pamba juu ya paja. Wenziwe walisokota kulia, yeye kushoto, na nyuzi za namna mbili zikichanganywa hufunguana. "Baba akiniambia, pamba yako weka mbali, mashoto wee, itanizamishia watu. Nikidhani akiitupa." Akakiviringisha tena. "Kumbe akiiweka."

Sonara alishusha sindano. "Nimalize kuchomoa, eedo?"

"Acha, mwanangu. Mwenye kichwa Mungu anamjua."

Nyumbani alitaka pamba. Nikasokota kulia, akaniambia nifumue nianze tena. Tukajaza pale palipochokolewa, tukapaka sifa, na nyumba ikanuka papa siku tatu.

Binamu yake alikuja alasiri, mkono umeziba pua. "Haya, sonara kasemaje? Baba yako kafanya mfalme?"

"Hakufanya," mama akasema. "Aliyemfanya hajulikani."

Binamu alikuwa amekwisha kufungua kinywa kushangilia. Mama akamtia mfalme mkononi. "Lakini kipini ni cha baba. Shika, tikisa."

Akatikisa. Akatikisa tena, kwa mikono miwili, kwa nguvu za ubishi wote ule, na kipini hakikucheza. Kisha akakaa mkekani, akamgeuza mfalme kifudifudi.

"Nipe huo ukili," akasema, "una vinundu."