Shati Mdomoni mwa Shimo

Hakuna kitu cha kunishtua mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikauza mafuta ya taa kwa chupa pale Uriri, na leo pampu zangu ndizo zinazovuta maji kwenye mashimo ya dhahabu Masara. Ukiona mchimbaji amepanda juu akiwa hai, ujue ni kazi yangu.

Wenye mashimo hulipa kwa simu. Pesa ikiingia, programu iliyoko kwenye seva ya kukodi, huko ng'ambo, inawasha pampu. Ikiisha, inazima. Swichi za mkono nilizing'oa zamani, wajanja walikuwa wanajiwashia bure. Programu ya kwanza iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya PHP na binti wa hapo hapo Masara, kabla hajapata kazi nje. Mashimo yalipoongezeka ikaanza kusuasua, kodi ya seva ikapanda. Nikamtafuta fundi Homa Bay mjini aiandike upya kwa lugha nyepesi zaidi, Go.

Nilikuwa Kosele nikinunua mahindi aliponipigia.

"Jaduong', mzee wangu, kuna kipande cha programu hapa sikielewi. Pesa ikiisha, pampu haizimi mpaka msimamizi wa shimo atume neno 'shati'. Nikihamishe pia?"

Nilicheka. Masara, anayeshuka huvua shati na kulitundika kwenye nguzo mdomoni mwa shimo; akipanda hulichukua. Shati likiwa pale, hakuna anayezima pampu, hata kama mnadaiwa.

"Omera, ndugu yangu, kompyuta ina macho ya kuona shati? Hiyo ni kazi ya watu wa shimo. Wewe andika safi."

"Na pesa ikiisha wakiwa chini?"

"Wataongeza. Unanifundisha Masara, wewe mtu wa samaki wa ziwani?"

Akaandika safi, bila kile kipande. Programu ikawa nyepesi, bili ya seva ikashuka nusu. Nilizunguka na simu mkononi nikiwaonyesha watu.

Halafu ikaja mvua. Pesa ya shimo moja iliisha mchana, wanaume watatu wakiwa chini. Msimamizi alituma nyingine, lakini mtandao ulikuwa umelala. Akatuma tena. Pampu kimya, maji yanapanda. Wawili walivutwa kwa kamba. Wa tatu tulimtoa kesho yake. Shati lake la buluu lilikuwa bado kwenye nguzo, limelowa, na hakuna aliyetaka kulishika. Nililitoa mimi.

Nililipeleka Kosele kwa mama yake. Alilikunja polepole magotini.

"Wewe ndiye mwenye pampu?"

"Ni mimi, mama."

"Na hili lilikuwa limetundikwa?"

"Lilikuwa."

Nilitoka nje nikampigia fundi simu.

Fundi amekirudisha kile kipande, kwa Go, bila kunidai hata senti. Jeneza, gari la kumpeleka marehemu kwao Kosele, ng'ombe dume na hema nililipa mwenyewe, keshi: shilingi laki moja, themanini na sita elfu, mia nne na hamsini.