Tundu la Nane

Kila mteja anayeingia karakanani kwangu pale Kihesa, Iringa, huniuliza swali lile lile: "Kwa hiyo wewe unabonyeza tu?" Huuliza akiiangalia mashine, haniangalii mimi. Sijazoea mpaka leo, na sina mpango wa kuzoea.

Nilizaliwa Idodi. Stashahada yangu ya ufundi mitambo niliisomea Mbeya huku nikipakia viazi kwenye malori ili nipate kula. Hakuna mjomba wala shemeji aliyenishika mkono. Nikaenda Afrika Kusini, nikaanza kwa kufagia vumbi la chuma, na siku naondoka nilikuwa mchoraji wa mitambo ambaye wenzake walimletea kazi zao azikague kwanza. Nilirudi na mashine ya CNC, ile ya kukata na kutoboa chuma kwa kufuata mchoro wa kompyuta, nikaifunga kwa mikono yangu miwili. Mashine hiyo haijui chochote. Inatoboa pale nilipoiambia itoboe. Nikikosea kuchora, nayo inakosea, tena kwa usahihi mkubwa.

Msimu uliopita wa mavuno ya mpunga alikuja mama mmoja mwenye kinu cha kukoboa huko Rujewa. Sahani ya chuma inayofunika beringi kubwa ya kinu chake ilikuwa imepasuka, kinu kimesimama, na wakulima walikuwa wameanza kupitisha magunia mbele ya mlango wake kwenda kwa jirani.

"Mwanangu," aliniambia, "mkulima akihama msimu huu, mwakani harudi."

Nikamwomba sahani ya zamani. Ilishauzwa skrepa. Badala yake akatoa kwenye mkoba kipande cha boksi la sabuni, kimekunjwa mara mbili, kimejaa grisi. Mwendesha kinu wake alikuwa amekibandika pale pale sahani ilipokuwa inakaa, akakigongagonga kwa nyundo mpaka kingo za matundu zikajichapa. Ndivyo mafundi wengi wa huku wanavyochukua vipimo. Nilicheka, na sikujificha.

"Unacheka nini?"

"Mama, hili ni la kuwashia jiko."

"Basi usiliwashe kabla hujalipima."

Nililipima. Matundu nane kwenye duara moja. Saba yalikaa vizuri, nyuzi arobaini na tano kutoka moja hadi jingine. La nane lilikuwa limesogea milimita nne. Boksi lililokunjwa, likasafiri kwenye basi, lililogongwa na mtu ambaye sidhani kama amewahi kushika venia, kile kipimio cha chuma kinachosoma hadi sehemu ya milimita: ningeliamini vipi? Programu ya kuchorea ina amri moja ya kugawa duara. Unaweka kitovu, unaweka kipenyo, unaandika idadi, na matundu yanajipanga yenyewe. Nikaandika nane. Mchoro ulipendeza kiasi kwamba niliutazama kwa muda kabla ya kuutuma kwenye mashine.

Siku mbili baada ya kuchukua sahani, mama alipiga simu. "Bolti saba zimeingia. Ya nane imegoma. Fundi wangu anataka kulipanua tundu kwa gesi."

Nilimwambia mtu yeyote asisogeze moto karibu na sahani yangu. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi.

Mwendesha kinu nilimkuta ameketi juu ya magunia ya pumba, mwanamume wa rika langu, miguu ameinyoosha kama mtu aliye likizo.

"Kamwene, injinia."

"Kamwene."

"Umekuja na kompyuta au umekuja na macho?"

Nikainama nikamulika kwa simu. Kando ya tundu la nane la kinu, ndani ya chuma, kulikuwa na kipande cha bolti ya zamani, chembamba kama ukucha. Nikaelewa papo hapo. Miaka ya nyuma bolti ilikatikia ndani, fundi akajaribu kuitoboa, kekee ikateleza kwenda upande uliokuwa laini, naye akaliacha tundu hapo hapo ilipotelezea.

"Nani alifanya uchafu huu?"

"Fundi mmoja wa Mbeya. Marehemu sasa."

"Hakuacha alama yoyote?"

"Aliacha tundu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Boksi nalo lilijua. Wewe ndiye uliyebisha."

"Si ungeandika hata neno moja."

"Boksi halina diploma, injinia, lakini lilikuwepo hapa."

Wapakiaji waliokuwa mlangoni wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia barabarani, ambako mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia ulikuwa unapita bila kupunguza mwendo.

Mchoro wangu ulikuwa sahihi. Kinu ndicho kilichoharibiwa, na fundi ambaye siwezi hata kumgombeza. Lakini mpunga wa watu haukobolewi kwenye mchoro. Nikatoa venia, nikapima kila tundu kutoka kitovuni: umbali wa kwenda kulia, umbali wa kwenda juu. Yote nane, mara mbili, na mwendesha kinu akinishikia taa bila kuombwa.

Nilichora upya Kihesa bila ile amri. Nukta nane, kila moja na namba zake mbili. Ulikuwa mchoro mbaya, nikachukia kuuangalia. Mashine ilipomaliza kukata sahani mpya, kando ya tundu la nane nikagonga alama kwa mkono, ili atakayekuja baada yangu asidhalilishwe kama nilivyodhalilishwa mimi. Nikaipeleka sahani mwenyewe. Bolti zote nane ziliingia kwa vidole, bila nyundo. Kinu kikaunguruma, na kabla ya mchana palikuwa na magunia mlangoni. Mkulima mmoja akauliza sahani nzuri namna ile imetoka wapi.

"Iringa," mama akamjibu. "Kuna mashine kule, inabonyezwa tu."

Nilimwangalia mpaka akageuka kushughulikia mizani.

Mwaka huu mwendesha kinu amenitumia boksi jingine kwa basi, la kifuniko cha upande wa pili. Juu yake ameandika kwa kalamu ya wino: "Injinia, usinirekebishie." Niliingiwa na hasira kiasi cha kutaka kulirudisha kwa basi lile lile. Kisha nikalilaza mezani, nikapima tundu moja moja, kulia na juu, yote kumi na mawili, mara mbili. Asubuhi nzima ikaishia hapo.

Yalikuwa yamegawanyika sawasawa kabisa. Ile amri moja ingetosha. Hilo hakuliandika.