Nilimwambia Alikoroma

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, nilimfundisha kuswali mimi mwenyewe. Alikuja kutoka kwao Songea akiwa Mkristo, akasilimu wiki chache kabla ya ndoa, na mdogo wangu, ambaye anaendesha malori ya masafa marefu, akaniachia mie shughuli yote ya kumwelekeza. Nilimwonyesha namna ya kutia udhu kwenye bomba la uani kwetu Temeke. Nilimsahihisha Alhamdu neno kwa neno, na alipokwama kwenye "maghdhubi" niligeuza uso ili asinione nacheka. Mie nimezaliwa ndani ya dini, babu yangu alikuwa mwadhini. Nilijiona mwenye nyumba, yeye mgeni niliyemfungulia mlango.

Kilichoanza kunisumbua ni machozi yake. Kila aliposujudu alikuwa analia bila sauti, na akiinuka unaona mahali pa paji la uso pamelowa. Mama aliliona hilo, akaanza kumwambia, "Mwanangu, niombee na mguu huu." Mguu huo nimeukanda mimi kwa mafuta miaka mitatu, na hata siku moja mama hajanituma nimwombee.

Mwaka juzi, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mdogo wangu alikuwa safarini, na mama hakutaka mkewe abaki peke yake Goba. Akaja kukaa nasi. Usiku wa kuamkia ishirini na saba tulitandika mkeka sebuleni, mie na yeye. Mama aliswali kitini mpaka mgongo ukamshinda, akaenda kulala.

Kwa asiyejua, katika siku kumi hizo umo usiku mmoja ulio bora kuliko miezi elfu. Malaika hushuka, na hakuna ajuaye kwa yakini ni usiku upi, ila wengi wetu huutafuta zaidi ule wa ishirini na saba. Mie nimeutafuta tangu sijavunja ungo. Usiku ule pia niliswali, nikasoma, nikaleta nyiradi, lakini mawazo yalikuwa kwa fundi niliyempelekea vitambaa vya Idi na hapokei simu. Wifi alikuwa amekaa kando yangu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Amefumba macho, hatikisiki. Nilimtazama yeye mara nyingi kuliko nilivyoutazama msahafu.

Mchana wake nilikuwa uani namenya magimbi ya futari. Akaja akachuchumaa karibu yangu, akachukua kisu cha pili, akamenya moja, ndipo akasema.

"Wifi, naomba nikuulize kitu. Jana pale nilipokaa nilihisi chumba kimejaa. Kama nyumba ya harusi, wageni wote wameshafika ila hakuna anayesema. Sikuogopa, nilitamani hata kusiche. Nyie huwa inawajiaga hivyo?"

Nilijua anasema kweli. Sikuwa na shaka hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa macho usiku kucha kwenye mkeka uleule, na nilichosikia mie ni feni na paka wa jirani.

"Ulisinzia," nikamwambia. "Nilikuwa nakuona. Tena ulikoroma kidogo."

Akaweka kiganja mdomoni. Akaniuliza kama udhu wake ulitenguka. Nikamjibu kwamba usingizi unatengua, na alichoswali baada ya pale hakihesabiki. Nililisema taratibu, kama mwalimu. Akainuka, akaenda bombani kutia udhu upya, na mie nikaendelea na magimbi yangu.

Usiku wa ishirini na tisa hakuja mkekani. Alimwambia mama kwamba anaona aibu kusinzia mbele ya Mungu, ataswali kidogo chumbani kisha alale. Nikabaki na sebule yangu. Niliomba usiku ule kwa hasira, nikimuuliza Mungu kwa nini mtu aliyeingia juzi apewe, na mie niliyekaa mlangoni miaka yote nipitwe. Adhana ya alfajiri ikaingia, hakuna kilichonijia. Yeye alikuwa amelala chumba cha pili, na bado nilikuwa namwonea wivu.

Siku ya Idi mama aliniuliza mbona yule mtoto amepoa. Nikasema ni uchovu wa saumu.

Mwaka jana, kumi la mwisho lilipokaribia, mama alimpigia simu aje tena. Alikataa kwa adabu, akasema Mungu akipenda atafika Idi. Mama aliweka simu chini, akabaki anafuta macho kwa pindo la kanga, akidhani kuna jambo amemkosea. Nilimwangalia mpaka nikashindwa. Kesho yake nikapanda magari mawili, nikamalizia na bajaji kupanda kile kilima cha Goba.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Akaniamkia, akanipa kigoda. Sikukaa, nilijua nikikaa nitaanza kuzungumza habari nyingine. Nikamwambia nilimdanganya.

Akauliza bila kuinua uso, "Kwa hiyo sikulala?"

"Hukulala."

"Na kukoroma?"

"Hukukoroma. Ulikaa kimya mpaka adhana."

Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote: kwamba nimeishi na dini hii tangu kuzaliwa na haijanijia vile hata mara moja, kwamba nilimwonea wivu, na kwamba nilipokuwa nakuja kwenye bajaji nilikuwa bado namwonea.

"Mie nilidhani nyote mnapataga," akasema. "Nilikuja kukuuliza ili nijue kama na mie nimeshakuwa wenu."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani kuswali alasiri. Nikamsubiri kwenye ngazi. Alipotoka alisema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, ila asingependa jambo lile tulizungumze tena. Akanifungia mapapai mawili nimpelekee mama.

Usiku wa ishirini na saba alikuja Temeke. Tuliswali bega kwa bega, na safari hii nilijilazimisha kutazama mbele. Alfajiri nilimuuliza ameamkaje. "Alhamdulillahi, tumeswali," akajibu, akakunja mkeka. Baadaye nilipokuwa napita ukumbini nilisikia sauti yake chumbani kwa mama, ya chini, ndefu, na mama akisema "Subhanallah" mara kwa mara. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nilisimama pale kidogo, moyo unaniwaka, natamani kujua. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo vya daku.